Mzigo Ulioshuka Kabla ya Ifakara

Bibi Stefania hakupanda mtumbwi. Ndivyo watu wa Ifakara walivyomjua: yule mama msuka mikeka asiyepanda mtumbwi. Akifiwa na ndugu ng'ambo ya mto, Minepa, atalia nyumbani kwake, atatuma mchele na salamu, lakini kivukoni hafiki. Watu walimcheka. Mwanamke amezaliwa bondeni, amekula samaki wa Kilombero tangu ana meno ya maziwa, halafu anaogopa mtumbwi! Na mimi nilimcheka, sisemi uongo. Nilikoma siku aliyoniambia sababu.

Jina la Stefania lilikuja baadaye, mapadre walipofika na kubatiza watu. Mwaka wa 1906 alikuwa bado na jina la kwao, na mumewe Tadei vilevile. Lakini mimi niliwajua kwa majina ya ubatizo, na hayo ndiyo nitakayotumia. Sina haja ya kuwachanganya.

Mwaka huo vita vya Maji Maji vilikuwa vimegeuka. Wale waliodhani risasi zitakuwa maji walikuwa wamekwisha kuzikwa, na wengine hawakuzikwa hata. Askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, walipita vijijini wakichoma maghala ya mpunga na mtama, maana waligundua kwamba njaa inaua watu wengi kuliko bunduki. Kwao Stefania, upande wa Malinyi, watu walikuwa wakichimba mizizi porini. Naye alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza.

Kwa desturi ya kwao, mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Ila mama atamlisha nini mzazi? Tadei alikuwa Ifakara, fundi seremala, Wadachi wamemshika wajengewe ghala jipya, na malipo yake ni kibaba cha mchele kila siku. Alituma neno kwamba mkewe aje, huku kuna chakula. Mama mtu akalia siku nzima, halafu akafunga kapu.

Ndani ya kapu aliweka kaniki mbili, mkeka mdogo wa mtoto na chungu. Chini kabisa, akizungushia nguo, aliweka kibuyu kidogo chenye shanga nyekundu shingoni. Kilikuwa na maji ya chemchemi ya nyumbani na punje chache za mtama. Hayo yalikuwa maji ya mtoto. Katika ukoo wao, mtoto akizaliwa mbali huoshwa mara ya kwanza kwa maji ya kwao yaliyochanganywa na ya huko alikozaliwa, ili mwili wake usishangae ugeni. Bibi yake alifanyiwa hivyo, na mama yake vilevile. Stefania alimwona mama akikifunga kile kibuyu wala hakuwaza lolote. Nani angewaza? Ni jambo la mtoto, halina uhusiano na vita.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na usiniambie wewe ungekuwa na akili zaidi.

Mtumbwi waliompakia ulikuwa mkubwa, wa gogo moja, umechukuliwa kwa nguvu ili upeleke mpunga Ifakara. Mwenyewe alikuwa Libenanga, Mndamba wa makamo, mfupi, kifua kipana, mtu wa maneno machache. Yeye alisimama nyuma na upondo wake. Mbele walikaa wapiga kafi wawili, na katikati, juu ya makanda ya mpunga, alikaa ombasha, koplo wa Mdachi, na bunduki yake. Ombasha alikuwa askari wa kutoka mbali, huko kaskazini, hajui kuogelea, na kila kiboko akikoroma alikuwa akishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Stefania alikaa karibu na miguu ya Libenanga.

Libenanga alipakia kama watu wa mtoni wanavyopakia siku zote: mzigo wa bandari ya mwisho unatangulia chini, wa njiani unakaa juu. Stefania alikuwa anakwenda mpaka mwisho kama mpunga wenyewe, lakini kapu lake lilitangulia kufika. Basi kapu lake likaingia chini kabisa, na makanda ya mpunga yakalala juu yake.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili asubuhi ombasha alichoka kunyamaza, akaanza kujisifu. Akasema pale kivukoni Ifakara siku hizi hapiti mtu hivi hivi. Kila kapu linamwagwa chini, kila bunda linafunguliwa. Wanatafuta maji ya wachawi.

"Juma lililopita tumemkamata mwanamke na kibuyu," alisema, akacheka. "Analia, eti ni dawa ya tumbo. Tumekimwaga, ndani kuna mtama. Dawa ya tumbo yenye mtama! Tumemnyonga yeye na mumewe, maana mume asijue kilichomo nyumbani kwake?"

Wapiga kafi waliendelea kupiga kafi. Stefania alisikia masikio yake yakiziba. Maji ya vita yalikuwa hivyo hivyo, kila mtu alijua: maji, na punje za mtama ndani yake, katika kibuyu. Mungu wangu! Na cha kwake kilikuwa chini ya makalio ya huyu huyu ombasha, kimefungwa vizuri katika nguo ya mtoto.

Aliniambia kwamba tangu dakika ile hakuuona mto tena. Alimwona Tadei tu. Tadei asiyejua lolote, pengine amesimama kivukoni na randa mkononi, anachungulia mtumbwi wa mkewe. Watamkamata palepale. Mtoto tumboni aligeuka kwa nguvu, naye akabana meno asipige kelele.

Walipokaribia Mofu, ambako mtumbwi ulikuwa unapumzika kidogo, akajishika tumbo.

"Bwana, naumwa. Naomba nishuke hapa. Kuna wanawake watanisaidia."

Ombasha alimtazama tumbo, akatazama kando. Askari wengi hawapendi mambo ya uzazi. "Shuka," alisema.

"Na kapu langu, bwana."

"Kapu linakwenda Ifakara."

"Kapu ni langu mwenyewe, bwana, lina nguo za mtoto."

"Nimesema linakwenda. Amri ya bwana mkubwa: kilichopakiwa huku hakishuki njiani. Mkishusha mizigo njiani inakwenda kulisha wale nyani wenu porini. Wewe shuka, mzigo utaukuta mbele."

Basi hebu fikiri. Mtu anaruhusiwa kushuka, mzigo hauruhusiwi. Angeweza kukanyaga mchanga wa Mofu, akaingia matetani, akaokoka yeye na mwanawe. Kapu lingefika Ifakara bila yeye, na Tadei angekuja kulipokea kwa furaha, aseme mbele ya askari wote, hili ni la mke wangu. Stefania alisimama na mguu mmoja nje ya mtumbwi, maji yakimpiga kwenye kifundo.

"Basi nilichukue tu nguo moja," alisema.

Ombasha akaacha kutafuna tumbaku yake. "Una nini humo kinachokuuma kuliko tumbo?"

Stefania akarudisha mguu ndani, akakaa, akasema tumbo limetulia, ni mtoto tu alikuwa anacheza, wataendelea. Ila kuanzia hapo ombasha alikuwa akimgeukia kila mara, na kila akigeuka Stefania alijifanya kutazama maji. Kama angekaa kimya tangu mwanzo, asiombe kushuka, huenda yule mtu asingemkumbuka. Alijichongea mwenyewe.

Walipoondoka Mofu, upepo ukaanza na kafi zikawa na kelele. Stefania aliinama kama mtu anayetapika, kichwa karibu na magoti ya Libenanga.

"Baba," alinong'ona. "Nisaidie, nakufa."

Akamwambia yote: kapu, kibuyu, shanga nyekundu, maji ya mtoto, mtama. Libenanga aliendelea kusukuma upondo. Akatema mate mtoni. Stefania alidhani hakusikia, au amesikia na anaogopa, na nani angemlaumu?

Baada ya muda mrefu Libenanga alisema, bila kumtazama, "Ukiliona kapu, usisite. Kitoe, ukitupe."

Mtumbwi ule ulikuwa na ufa wa zamani nyuma, umezibwa kwa nta ya nyuki na tambara. Libenanga alisimama juu yake. Stefania aliona kidole gumba cha mguu kikichokonoa taratibu, kama mtu anayejikuna. Nta ikatoka. Kidogo kidogo maji yakaanza kuingia.

Jua lilipokuwa utosini makanda ya nyuma yalikuwa yamelowa. Libenanga akapaza sauti. "Bwana, tunaingia maji! Tukiendelea hivi tunazama na mpunga wa serikali."

Ombasha alitazama chini, akayaona, akageuka rangi. "Pwani! Twende pwani!" alipiga kelele, kana kwamba yuko baharini. Palikuwa na fungu la mchanga katikati ya mto, jeupe, bila jani hata moja. Wakauvuta mtumbwi pale. Ikabidi kila kitu kishuke: makanda, mikeka, vyungu, mwisho kabisa kapu la Stefania, limebanwa upande mmoja lakini zima.

Sasa sikiliza vizuri. Wanaume watatu waliugeuza mtumbwi ubavu, Libenanga akaanza kuziba. Ombasha alikuwa amesimama ukingoni anatazama mamba. Stefania akapiga magoti kando ya kapu, akaingiza mkono mpaka chini, akazigusa zile shanga. Akakitoa kibuyu na kukificha chini ya kaniki yake.

Angekitupa wapi? Ombasha alikuwa kati yake na maji. Kufukia? Mchanga ule ulikuwa mtupu, kila alama inaonekana. Akiwa bado anawaza, ombasha aligeuka na kuanza kuja.

"Kwa kuwa mizigo iko chini," alisema, "tuikague hapa hapa. Tuanze na ya huyu mama mwenye tumbo la kuumwa kwa zamu."

Stefania hakuwaza. Aliniapia hivyo na mimi namwamini, mtu aliyeshikwa na woga wa namna ile hawazi. Mbele yake kulikuwa na mkeka umekunjwa, umefungwa kamba, mmoja wa ile mizigo iliyorundikwa. Akakichomeka kibuyu ndani ya mkunjo, akasimama.

Ombasha alimwaga kapu lote. Akapekua kaniki, akatikisa mkeka wa mtoto, akapiga chungu kwa kidole. Hakuna kitu. Alionekana kama mtu aliyenyimwa chakula. Akaliacha, akaenda kwenye mizigo mingine, akaipiga teke moja moja. Ule mkeka ulipopigwa ulitoa sauti ya kitu kigumu.

Akakata kamba. Kibuyu kikabingirika mchangani, na shanga zake nyekundu.

"Mkeka huu wa nani?"

Wapiga kafi wakatazamana. Macho yao yalikwenda mahali pamoja, na Stefania akayafuata. Yalikuwa kwa Libenanga. Alikuwa amechuchumaa kando ya mtumbwi wake, vidole vimejaa nta.

Alikiona kibuyu. Akaziona shanga. Kisha akamtazama Stefania usoni. Stefania aliniambia: "Hakunitazama kwa hasira. Ingekuwa hasira ningepona. Alinitazama kama mtu anayeuliza, ndiyo nini hii, mwanangu?"

Stefania alifungua mdomo aseme. Ulimi haukwenda. Alijaribu mara ya pili, akamwona Tadei kichwani na kamba shingoni, na mdomo ukajifunga.

"Mkeka ni wangu," Libenanga alisema.

"Na kibuyu?"

Libenanga alijifuta nta kwenye paja. "Kilicho ndani ya mkeka wangu ni changu. Ni maji ya kunywa."

Ombasha alicheka mpaka akakohoa. "Wewe mtu wa mtoni! Unalala mtoni, unakula mtoni, maji yamekuzunguka pande zote. Unabeba maji ya kunywa katika kibuyu?" Akakimimina. Maji yakanywewa na mchanga, punje za mtama zikabaki juu, nyeupe, chache tu. Hakuhitaji kuuliza zaidi.

Walimfunga mikono nyuma kwa kamba ya mkeka wake mwenyewe.

Haya, wewe unayesikiliza sasa unatikisa kichwa, unasema mimi ningesimama, ningesema ni changu. Nenda wewe ukasimame pale, na mtoto anacheza tumboni, na bunduki hatua mbili. Mimi sitakuhukumu ukisema na sitakuhukumu ukinyamaza.

Mtumbwi ulipozibwa walipakia upya. Libenanga aliketishwa nyuma, kando ya Stefania, na mpiga kafi mmoja akashika upondo. Lakini yule hakuujua mto. Chini ya Mofu njia za maji zinagawanyika, nyingine zinaishia kwenye matete, nyingine zina viboko wenye watoto. Mara mbili waligonga magogo, na mara ya pili mtumbwi uliinama ukachota maji. Ombasha akapiga ukelele.

"Shika kushoto," alisema Libenanga, mikono imefungwa. "Siyo hapo, kuna kiboko. Mbele ya ule mti, ndiyo, sukuma sasa."

Akawaongoza hivyo hivyo kwa mdomo, mchana wote uliobaki. Kushoto. Polepole. Acha, mkondo utatubeba. Angeweza kunyamaza akawaacha wazame wote, na yeye ndiye aliyejua kuogelea hata akiwa na kamba. Mtu alikuwa anajipeleka mwenyewe kwenye kitanzi, tena kwa njia iliyo salama.

Stefania aliinama tena kama anayetapika. Safari hii alikuwa anatapika kweli.

"Baba, nisamehe. Sikujua ni mkeka wako. Nikifika nitasema, nitawaambia."

"Ukisema watakuchukua na wewe," Libenanga alisema. "Na mumeo. Na mimi hawataniachia, nimekwisha kukiri. Nyamaza." Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Kulia hapo, kulia!"

Walifika Ifakara jua likiwa bado juu. Kivukoni kapu la Stefania lilimwagwa chini kama ombasha alivyosema, likarudishwa. Tadei alikuja mbio, amevaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akacheka, akalia, akampangusa mkewe jasho. "Umefika salama," alikuwa akisema. "Umefika salama." Nyuma yao Libenanga alikuwa anapandishwa ukingo na askari wawili. Stefania hakugeuka. Siku ya tatu alisikia kwamba amenyongwa. Mtoto alizaliwa baada ya miezi miwili, wa kiume, akaoshwa kwa maji ya kisima cha Ifakara, na hakushangaa chochote.

Tadei alikufa bila kuambiwa. Mkewe alikusudia kumwambia kila mwaka, kisha akaona mwaka umepita.

Ya Libenanga hayakuisha. Nyumba yake ilichomwa, mkewe akahama na watoto, wakaitwa watu wa uchawi miaka na miaka. Hata walipobatizwa, kanisani watu walikaa mbali nao kidogo. Stefania aliwaona kila Jumapili. Aliwapa mikeka bila kuwauzia, nao walidhani ni ukarimu.

Halafu uhuru ukaja, na mambo yakageuka kama mto unavyogeuza njia. Waliopigana na Mdachi wakawa mashujaa. Palifanyika mkutano mkubwa Kibaoni, mkuu fulani akasoma majina ya wazee waliobeba maji ya kupigania nchi, na jina la Libenanga lilisomwa. Watu wakapiga makofi. Mjukuu wake Hermenegildi, mwalimu wa shule, alisimama machozi yakimtoka. Maisha yake yote alikuwa mjukuu wa mchawi, na siku ile akawa mjukuu wa shujaa.

Jioni yake alikuja kwa Bibi Stefania. Nilikuwepo, nachambua mchele. Alipiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Bibi, naambiwa ulikuwa ndani ya mtumbwi ule siku babu alipokamatwa. Wewe ndiye pekee uliyebaki. Niambie kwa mdomo wako. Ni kweli babu alikuwa anawapelekea wapiganaji maji?"

Bibi Stefania aliuweka ukindu magotini.

"Ni kweli, baba," alisema. "Niliona kwa macho yangu."

Hermenegildi aliibusu mikono yake yote miwili akaondoka. Alipokwisha kwenda ndipo bibi aliponiambia haya yote, toka Malinyi mpaka kivukoni, huku anasuka, bila kuinua uso. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia yule mtu ukweli, sasa hakuna Mdachi wala kamba.

Akakaza ukindu, akaukata kwa meno.

"Mara ya kwanza nilimwogopa Mdachi," alisema. "Leo nimemwogopa Hermenegildi."